Daftari la Mizani na Samaki Waliobaki Masinga

Machakos haina pwani wala ziwa la asili, na mtu akitaja uvuvi wa kaunti hii wengi hufikiria vidimbwi vilivyochimbwa mashambani chini ya mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009. Uvuvi wenyewe hasa uko kaskazini, katika Bwawa la Masinga. Mto Tana ulizibwa hapo, bwawa likakamilika mwaka 1981, na likijaa hutanda kwenye takriban kilomita za mraba 120 na kushika mita za ujazo bilioni 1.56 za maji. Lilijengwa kwa ajili ya umeme, na pia kudhibiti mtiririko wa maji yanayokwenda Kamburu, Gitaru na Kindaruma, na baadaye Kiambere. Samaki walikuja kama faida ya pembeni: tilapia ambaye wengi humwita ngege, kambare, na kapi mwenye magamba makubwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye, faida hiyo ya pembeni inalisha nyumba nyingi upande wa Machakos na upande wa Embu, na mama samaki wa soko la Matuu anaijua vizuri kuliko mhandisi wa mitambo.

Swali ambalo watu wa huko wanastahili kujibiwa ni hili: kwa kutazama rekodi za samaki wanaoshushwa na kuuzwa ufuoni, je, tunaweza kukadiria samaki waliobaki majini, na watakaokuwepo mwaka ujao? Jibu lina uzito. Mvuvi anayekopa kununua nyavu mpya anaweka dau juu ya samaki asiowaona. Kaunti ikiamua kununua vifaranga vya kupanda bwawani, au kufunga uvuvi kwa miezi kadhaa, inaweka dau hilohilo kwa fedha za umma na kwa chakula cha watu.

Msimamo wangu ni kwamba rekodi za biashara zinaweza kutabiri, lakini zilivyo sasa katika mabwawa mengi zinapima vitu vitatu kwa pamoja: samaki, wavuvi na maji. Asiyevitenganisha anaweza kusoma ishara kinyume kabisa, aone neema wakati wa upungufu.

Tuanze na daftari lenyewe. Kwa kawaida lina safu za tarehe, jina la mvuvi au chombo, aina ya samaki, kilo na bei. Ni daftari la biashara, na kwa biashara linatosha. Kwa anayetaka kujua hali ya samaki, lina mapengo makubwa. Halisemi mvuvi alitega nyavu ngapi, zenye matundu ya inchi ngapi, zilikaa majini saa ngapi, wala upande gani wa bwawa. Na kuna pengo moja ambalo halionekani kirahisi: aliyerudi mtupu hafiki kwenye mizani.

Tupige hesabu ya kubuni. Tuseme Jumatatu moja mitumbwi 10 imetoka, na kila mmoja umerudi na kilo 12. Daftari lina kilo 120 na majina 10, wastani kilo 12. Miezi mitatu baadaye mitumbwi 10 imetoka tena. Minne imerudi bila kitu, wenyewe wakaenda nyumbani moja kwa moja. Sita imeleta kilo 14 kila mmoja. Daftari sasa lina kilo 84 na majina sita, na karani akigawanya anapata wastani wa kilo 14. Kwenye karatasi uvuvi umeimarika. Ukihesabu mitumbwi yote iliyotoka, wastani umeshuka hadi kilo 8.4. Hakuna aliyedanganya hapo, na kila tarakimu ni sahihi. Kosa liko katika siku tupu ambazo hazikuandikwa.

Kwa nini siku hizo na idadi ya nyavu ni muhimu hivyo? Kwa sababu hesabu yote ya kukadiria samaki kutokana na uvuvi inasimama juu ya uhusiano kati ya mavuno na juhudi. Mwaka 1939 watafiti wawili, Leslie na Davis, walichapisha njia ya kukadiria idadi ya panya wa Freetown, Sierra Leone, kwa kutazama jinsi mitego ilivyozidi kukosa panya kadiri walivyoendelea kunaswa. Mwaka 1947 DeLury akaendeleza njia ya aina hiyo kwa upande wa samaki. Wazo lake mtu yeyote anaweza kulifuata. Ikiwa wavu mmoja ulikuwa ukinasa samaki 10 kwa usiku, na baada ya kutoa samaki 2,000 wavu uleule unanasa 8, basi wale 2,000 walikuwa sehemu moja ya tano ya wote, na mwanzoni majini kulikuwa na samaki wapatao 10,000. Hesabu hiyo inahitaji masharti: samaki wasiingie wala kutoka kwa wingi, wasizaane sana katika kipindi hicho, na wavu uwe na uwezo uleule wa kunasa mwanzo hadi mwisho. Sharti la mwisho ndilo linaloiangusha Masinga, na nitalirudia.

Afrika Mashariki si mgeni katika elimu hii. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa Ziwa Victoria, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Nyavu za kisasa za kutega zilikuwa zimeingia ziwani mwaka 1905. Graham alikuta kwamba wavu uliokuwa ukinasa ngege makumi sasa unanasa chini ya kumi katika ghuba ya upande wa Kenya, na akapendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi tano. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mavuno kwa wavu mmoja, yaani rekodi ya uvuvi iliyosomwa pamoja na juhudi. Miaka michache baadaye, mwaka 1935, Graham huyohuyo aliandika kuhusu Bahari ya Kaskazini makala ambayo ni miongoni mwa misingi ya nadharia ya kisasa: kwamba kundi la samaki hukua kwa kasi fulani kulingana na wingi wake, na uvuvi ukizidi kasi hiyo, kila nyongeza ya juhudi inaleta mavuno madogo zaidi. Schaefer aliipa nadharia hiyo hesabu kamili mwaka 1954.

Sheria ya inchi tano iliyotokana na pendekezo hilo ilianza kuondolewa katika miaka ya 1950, na ngege wa asili wa Victoria akaendelea kupungua. Onyo lilikuwapo kwenye rekodi, limeandikwa na kuchapishwa.

Sasa turudi Masinga, kwenye lile sharti la wavu. Bwawa la umeme halikai kama ziwa. Maji hufunguliwa kwenda kwenye mitambo, mvua hupotea, na usawa wa maji hupanda na kushuka mita nyingi. Likijaa, usawa wake ni mita 1,056.5 juu ya bahari. Katika ukame wa mwaka 2009 maji yalishuka kiasi kwamba kituo cha umeme cha Masinga kilisimamishwa mwezi Juni. Katika mafuriko ya masika ya 2024 lilijaa na kumwaga kupita kiasi. Kati ya hali hizo mbili, samaki wanaishi katika nyumba mbili tofauti.

Maji yanapopungua, eneo linasinyaa na samaki wanabanana. Wavu uleule, usiku uleule, unanasa zaidi. Mizani inajaa, bei inashuka, na daftari linaonyesha neema. Lakini viota vya tilapia, ambavyo huchimbwa kwenye maji mafupi ya kandokando, vimeachwa vikavu, na majani yaliyokuwa maficho ya watoto wa samaki yako mita nyingi kutoka majini. Uzao wa mwaka huo umeharibika wakati mavuno yako juu. Maji yanaporudi na kufunika nyasi, vichaka na mashamba ya pembeni, mambo yanageuka. Chakula kinaongezeka, watoto wa samaki wanapata maficho, na samaki wakubwa wanasambaa kwenye eneo pana lenye visiki vinavyochana nyavu. Mvuvi anarudi na kidogo. Daftari linasema samaki wameisha, ilhali huo ndio mwaka unaotengeneza mavuno yajayo.

Ndiyo maana nimesema ishara yaweza kusomwa kinyume. Anayechora mstari wa kilo za miaka mitano na kuuendeleza mbele kwa rula, katika bwawa la namna hii, atashauri kuongeza nyavu wakati wa ukame na kupanda vifaranga mara tu baada ya mafuriko, yaani kufanya kila jambo kwa wakati usiofaa. Juu ya hayo, mamba na viboko wa Masinga nao wanaingia kwenye takwimu. Mtu akishambuliwa, mitumbwi hukaa ufuoni siku kadhaa, na kilo zinashuka bila samaki hata mmoja kupungua.

Kenya ilishalipia somo hili kwa gharama kubwa kaskazini. Katika miaka ya 1970 Ziwa Turkana lilikuwa limejaa, na Ghuba ya Ferguson, iliyo na maji mafupi yenye rutuba, ikatoa tilapia kwa wingi wa ajabu. Kwa msaada wa Norway, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol, kikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Usawa wa ziwa ukashuka, ghuba ikakauka, na tilapia waliokuwa wakitoka humo wakatoweka kwenye rekodi. Kugandisha samaki katika jangwa lile nako kulikuwa ghali mno. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Wafugaji walioacha mifugo yao wakawa wavuvi walibaki bila maji ya kuvulia, na hilo linaniuma kuliko hasara ya jengo. Mtafiti Jeppe Kolding, ambaye amesoma kwa kina uvuvi wa Turkana, ameonyesha jinsi kupanda na kushuka kwa maji kunavyoendesha uzalishaji wa samaki katika maziwa ya namna hiyo. Mavuno ya miaka ile yalikuwa ya kweli. Makosa yalikuwa kuyachukua kama kiwango cha kawaida cha ziwa bila kuuliza ziwa lilikuwa limejaa kiasi gani.

Mahali ambapo maji hayapandi na kushuka hivyo, samaki wenyewe wanaweza kubanana. Huko Newfoundland, Kanada, meli kubwa ziliendelea kupata chewa wa kaskazini kwa wingi hadi karibu na mwisho, kwa sababu samaki waliosalia walijikusanya pamoja na meli zilikuwa na vyombo vya kuwatafuta. Wavuvi wadogo wa pwani walilalamika kwamba samaki hawafiki tena kwao. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Takwimu za kibiashara zilikuwa nyingi, nzuri na za miaka mingi, na bado zilipotosha. Nawakumbuka hasa wale wavuvi wadogo: walikuwa na rekodi yao, ya mahali ambapo samaki wamekosekana, na haikupewa uzito uliostahili.

Soko nalo lina mkono wake. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi mara kadhaa dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria, kwa sababu za usafi, kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya mbuta vilipunguza au kusimamisha kazi. Asiyejua habari hizo akitazama takwimu za mauzo ya nje ya miaka ile ataona pengo na kudhani ziwa liliyumba. Matuu mambo ni hayohayo kwa kiwango kidogo: omena na mbuta kutoka Victoria wakifika kwa bei nafuu, mvuvi wa Masinga hana sababu ya kutega nyavu zote.

Victoria kuna jibu moja ambalo Masinga haiwezi kulinunua kirahisi. Tangu 1999 watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekuwa wakipitisha vyombo ziwani vinavyotuma mawimbi ya sauti na kupokea mwangwi wa samaki, bila kutegemea mvuvi ameuza nini. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa 1994 na lenye makao Jinja, huunganisha matokeo hayo na sensa ya vyombo na nyavu ambayo kwa kawaida imekuwa ikifanywa kila baada ya miaka miwili tangu 2000, pamoja na rekodi za mavuno za fuo zilizochaguliwa kwa sampuli. Katika muongo wa kwanza vipimo vya mwangwi vilionyesha mbuta wakipungua sana huku jumla ya mavuno ya ziwa ikiwa haishuki, kwa kuwa omena walijaza nafasi. Jumla ya kilo ilificha mabadiliko ya aina. Katika Ziwa Naivasha kapi alifanya jambo kama hilo: alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baada ya muda mfupi akawa ndiye anayejaza mizani, kwa hiyo mstari wa jumla wa Naivasha unaunganisha karibu uvuvi wa aina mbili tofauti.

Wengine watasema siku hizi kuna njia za kompyuta zinazohitaji kilo tu. Ni kweli zipo. Mwaka 2013 Martell na Froese walichapisha njia inayochukua mfululizo wa mavuno na kujaribu maelfu ya michanganyiko ya kasi ya kukua na ukubwa wa kundi, kisha kubakiza ile inayopatana na historia. Ni kazi ya kiakili ninayoiheshimu, na imewasaidia watu wenye takwimu chache. Lakini mtumiaji lazima aiambie programu mwanzoni anadhani kundi limepungua kwa kiasi gani, na jibu linabeba dhana hiyo hadi mwisho. Tena inachukulia kwamba uwezo wa maji kulea samaki haubadiliki sana. Masinga eneo lenyewe linabadilika, na vifaranga hupandwa humo, kwa hiyo sehemu ya samaki wa mwaka fulani wametoka kwenye ndoo na hawakuzaliwa bwawani. Kutabiri kwa kilo peke yake hapo ni kukadiria ghala la mahindi kwa kuhesabu magunia yanayotoka mlangoni, bila kujua ghala lina ukubwa gani wala nani anajazia kwa nyuma.

Hata hivyo Masinga ina utajiri mmoja ambao maziwa mengi hayana. Usawa wa maji yake unapimwa kila siku, kwa sababu umeme unautegemea. Hapo ndipo utabiri unapoweza kuanza. Tilapia huhitaji muda wa mwaka hivi kutoka yai hadi kufaa kwa wavu, zaidi au pungufu kulingana na chakula na joto. Kwa hiyo mvua ndefu za mwaka huu zinasema jambo kuhusu nyavu za mwaka ujao. Kariba, bwawa kubwa la Zambezi, watafiti waliona zamani kwamba mavuno ya samaki aina ya kapenta yanafuata maji ya mito yanayoingia. Ukiwa na usawa wa maji wa leo unarekebisha mavuno ya leo, ujue kama nyavu zinajaa kwa wingi wa samaki au kwa kubanana kwao. Ukiwa na usawa wa mwaka jana unakadiria kizazi kinachokuja. Rekodi ya biashara inapata maana ikiwekwa kando ya rekodi ya maji.

Yanayokosekana kwenye daftari si mengi wala si ya gharama. Idadi ya nyavu na ukubwa wa matundu. Mitumbwi iliyotoka, pamoja na iliyorudi mitupu. Urefu wa samaki, hata wachache tu kwa wiki, kwa kila aina. Urefu nausisitiza zaidi ya yote, kwa kuwa ndio unaokamata ujanja wa matundu: mavuno yanaweza kubaki kilo zilezile kwa miaka huku nyavu zikitoka inchi nne hadi mbili na nusu, na kilo moja iliyokuwa ya samaki wawili ikawa ya samaki saba ambao hawajawahi kuzaa. Mizani haiwezi kuliona hilo. Ubao wa kupimia wenye alama za sentimita unaliona siku hiyohiyo.

Na utabiri ukishapatikana, upewe mtihani kabla ya kuaminiwa. Chukua rekodi zote, ficha miaka miwili ya mwisho, tabiri kwa iliyobaki, kisha linganisha. Mshindani wake awe utabiri rahisi kuliko wote, kwamba mwaka ujao utakuwa kama huu. Hesabu ikishindwa na mshindani huyo haifai kuamua fedha za vifaranga, hata kama ina michoro mizuri. Ikimshinda, itolewe kwa masafa, kwa mfano kwamba mavuno kwa wavu huenda yakapungua kwa kati ya robo na nusu, na isitolewe kwa tarakimu moja inayojifanya ya uhakika.

Linabaki suala la anayeshika kalamu. Kanuni za mwaka 2007 na baadaye Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 zimezipa kamati za ufuo, zile BMU, nafasi katika usimamizi, na ukusanyaji wa takwimu ni mojawapo ya kazi zake. Lakini pale ambapo ada inatozwa kwa kilo, kila kilo iliyoandikwa ni gharama kwa mvuvi. Pale ambapo wavu wa matundu madogo ni kosa, safu ya matundu ni ushahidi dhidi yake. Anayemtaka mvuvi ajaze safu hizo kwa ukweli atenganishe daftari la utafiti na daftari la ushuru, majina yasiwemo kwenye lile la kwanza, na matokeo yarudishwe ufuoni kila msimu yakiwa kwenye ubao ambao mwenye mtumbwi anaweza kuusoma na kuupinga. Mvuvi anayetega Masinga usiku anajua samaki wamehamia visikini au wameisha, na hilo ndilo jambo ambalo mizani peke yake haiwezi kulitofautisha.